Nyumba, Dawati na Mpaka: Historia ya Wilaya za Shule Katika Marekani



Kamati ya jarida iliponiomba niandike jambo la historia, nadhani ilitazamia niandike juu ya shule yetu. Lakini kazi hiyo imekwisha kufanywa na wakubwa wetu katika matoleo yaliyopita, nao waliifanya vizuri kuliko ningaliweza mimi. Nimechagua jambo la mbali kidogo, ambalo nilianza kulifuatilia kwa sababu ya wenzetu waliohamia Marekani. Kila mmoja wao, akifikia hatua ya kununua nyumba, haanzi kueleza idadi ya vyumba wala umbali wa kazini. Huanza na shule. Nyumba ni ndogo, ni ya zamani, mkopo wake ni wa miaka 30, lakini iko ndani ya mpaka wa shule nzuri. Na ng'ambo ya barabara, nyumba kama hiyo hiyo ina bei ya chini kwa sababu iko nje ya mpaka.

Kwetu sisi tuliofika hapo na tranka kichwani na barua ya kuchaguliwa mfukoni, jambo hilo si rahisi kuelewa. Tulichaguliwa kwa mtihani. Kijana wa Kigoma alilala dabodeka moja na kijana wa Upanga, na hakuna aliyeulizwa baba yake anakaa nyumba ya bei gani. Katika sehemu kubwa ya Marekani swali hilo huulizwa, ingawa haliulizwi kwa maneno. Hujibiwa na anwani ya nyumbani. Ni historia ndefu, na katika makala hii nitajaribu kuonyesha kwamba mambo hayakujipanga hivyo yenyewe, bali yalipangwa na watu wanaojulikana, katika miaka inayojulikana.

Hatuna budi kuanza mbali. Mwaka 1647 koloni la Massachusetts lilipitisha sheria kwamba kila mji wenye kaya 50 uweke mwalimu wa kufundisha watoto kusoma na kuandika, na kila mji wenye kaya 100 uwe na shule ya juu zaidi ya hiyo. Mshahara wa mwalimu ulilipwa na wazazi au na wakazi wote kwa pamoja. Hivyo tangu mwanzo shule ilikuwa mali ya mji wake, haikuwa mali ya serikali ya mbali. Mtindo huo ulienea pamoja na wahamiaji wa Kizungu kuelekea magharibi. Kila walipopiga kambi walijenga shule, wakachagua halmashauri yao ya shule, wakajitoza kodi. Eneo lenye halmashauri ya namna hiyo ndilo linaloitwa wilaya ya shule. Msomaji asiichanganye na wilaya zetu, kwa maana nyingine zilikuwa ndogo kuliko kijiji. Kufikia mwaka wa masomo wa 1939–40 zilikuwako zaidi ya 117,000. Baadaye nyingi ziliunganishwa, na siku hizi ni kiasi cha 13,000.

Kodi waliyojitoza ni kodi ya majengo na ardhi, nayo hutozwa kwa thamani: nyumba hukadiriwa bei, kisha mwenyewe hulipa senti kadhaa kwa kila dola 100 za bei hiyo. Karibu mwaka 1920, kiasi cha asilimia 83 ya fedha zote za shule za umma nchini Marekani kilitoka katika mifuko ya mahali pale pale. Maadamu watu wengi walikuwa wakulima wa hali zinazokaribiana, tofauti hazikuwa kubwa sana, isipokuwa kwa watu weusi wa kusini, ambao walitengewa shule zao duni kwa sheria. Miji ilipokua na matajiri wakaanza kukaa peke yao, hesabu ilibadilika. Wilaya yenye majumba ya fahari ilipata fedha nyingi kwa kiwango kidogo cha kodi. Wilaya ya makabwela ilijikamua na bado haikupata kitu.

Sasa tuje kwenye miaka ya 1930, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kiini cha habari yenyewe. Uchumi ulikuwa umeanguka na watu walikuwa wakipokonywa nyumba kwa kushindwa kulipa madeni. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda shirika la kuokoa wenye nyumba mwaka 1933, na mwaka uliofuata ikaunda idara ya kudhamini mikopo ya nyumba, inayojulikana kwa herufi zake FHA. Lile shirika la kwanza lilichora ramani za miji zaidi ya 200, likipaka mitaa rangi nne: kijani kwa mitaa bora, kisha buluu, kisha manjano, na nyekundu kwa mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari kwa mkopeshaji. Mitaa ya watu weusi ilipakwa nyekundu karibu yote. Wanahistoria wa siku hizi wanabishana kama ramani hizo ndizo zilizofanya madhara makubwa au ni ile idara ya FHA na taratibu zake yenyewe. Mimi naelekea kwa hao wa pili, kwa sababu ya kitabu kimoja.

Idara hiyo ilikuwa na kitabu cha mwongozo kwa wakaguzi wake. Toleo la mwaka 1938 liliwaeleza nini cha kutazama kabla ya kudhamini mkopo: udongo, barabara, moshi wa viwanda, na watu wanaokaa jirani. Halafu liligusa shule. Liliwaambia wakaguzi kwamba, ikiwa watoto wa mtaa wanalazimika kusoma katika shule ambayo wengi wa wanafunzi wake ni wa tabaka la chini sana au wa rangi isiyopatana na yao, basi mtaa huo hautakuwa imara wala hautapendwa. Mtumishi wa serikali akisoma maneno kama hayo ndani ya mwongozo wa kazi anajua maana yake. Mwongozo hauhitaji kupiga marufuku kitu chochote. Unasema tu alama zikatwe wapi, na mkaguzi, ambaye pengine hana ubaya na mtu yeyote, anakata alama. Tangu hapo bei ya nyumba na sura za watoto darasani ziliwekwa katika daftari moja.

Mfano unaoonekana kwa macho uko Detroit. Mwaka 1941 mjenzi mmoja alitaka kujenga nyumba za Wazungu kando ya mtaa wa watu weusi, na idara ikasita kudhamini mikopo. Akajenga ukuta wa zege wenye urefu wa karibu nusu maili na kimo cha futi sita kutenga pande hizo mbili, na mikopo ikapatikana. Sehemu za ukuta huo zimesimama hadi leo.

Vita ilipokwisha, askari waliorudi nyumbani walihitaji nyumba, na sheria ya mwaka 1944 iliwapa mikopo yenye dhamana ya serikali. Katika mashamba ya viazi ya Long Island, karibu na jiji la New York, Abraham Levitt na wanawe William na Alfred walianza mwaka 1947 kujenga nyumba jinsi kiwanda kinavyotengeneza magari. Vikosi vya mafundi vilipita nyumba hadi nyumba, hiki kikimwaga sakafu, hiki kikisimamisha fremu, hiki kikipaka rangi, na katika siku za kasi walimaliza hata nyumba 30 kwa siku. Walipoacha mwaka 1951 walikuwa wamejenga nyumba 17,447. Mwaka 1949 nyumba moja iliuzwa dola 7,990, na askari wa zamani aliweza kuingia bila kutanguliza senti. Mji uliitwa Levittown.

Lilikuwa jambo kubwa, tusilidharau. Mtu aliyekuwa akikaa chumba kimoja na wakwe zake alipata nyumba yenye jiko na kipande cha bustani. Lakini mikataba ya mwanzo ilisema kwamba nyumba zisikaliwe na mtu asiye Mzungu, isipokuwa mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mahakama zisitumike kutekeleza masharti ya namna hiyo, walakini desturi iliendelea. Askari mweusi aliyepigana vita ile ile alibaki mjini, katika mitaa iliyopakwa nyekundu, na shule yake ilibaki naye.

Kisha mwaka 1954 mahakama hiyo hiyo ikaamua, katika kesi mashuhuri ya Brown, kwamba kutenga watoto mashuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Wengi wetu tulifundishwa kuwa huo ulikuwa mwisho wa shule za kibaguzi. Kwa shule za kusini zilizotengwa kwa sheria ulikuwa mwanzo wa mwisho. Kwa miji ya kaskazini, ambako hapakuwa na sheria ya kutenga bali mipaka ya wilaya, uamuzi huo haukugusa mipaka. Barabara kuu mpya zilizojengwa kwa sheria ya mwaka 1956 zilirahisisha kukaa vitongojini na kufanya kazi mjini, na Wazungu waliendelea kuhama.

Mwaka huo huo wa 1956 mchumi Charles Tiebout aliandika makala fupi iliyopata sifa kubwa. Alisema kwamba vitongoji ni kama maduka: kila kimoja kinauza huduma zake kwa kodi yake, na mwananchi anachagua kwa kuhamia kile kinachomfaa. Mwaka 1969 Wallace Oates alipima jambo hilo katika miji 53 ya New Jersey, akakuta kwamba nyumba zilipanda bei pale shule zilipotumia fedha nyingi zaidi kwa kila mtoto, na zilishuka pale kodi ilipokuwa nzito. Hesabu zao sina ugomvi nazo. Ila duka la Tiebout lina bawabu mlangoni, na wachumi hao hawakumwandika. Mtu anachagua kwa miguu yake endapo benki imekubali kumkopesha, dalali amekubali kumwonyesha nyumba, na mwenye nyumba amekubali kumuuzia. Sheria ya kukataza ubaguzi katika nyumba haikupatikana hadi mwaka 1968.

Mwezi Mei wa mwaka huo wa 1968, katika mji wa San Antonio, Texas, wanafunzi wapatao 400 wa sekondari ya Edgewood walitoka madarasani na kuandamana. Walitaka walimu waliosomea kazi yao na majengo yasiyobomoka. Karibu wote walikuwa watoto wa watu wenye asili ya Mexico. Wazazi wao walikutana, wakaanza kuuliza fedha zinakwenda wapi, na mmoja wao, Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati ya ndege katika kambi ya jeshi la anga na askari wa zamani, akawa jina la kwanza katika shauri lililofunguliwa.

Naomba msomaji avumilie tarakimu chache, kwani kesi nzima imo humo. Katika Edgewood, mali yote iliyoweza kutozwa kodi, ikigawanywa kwa idadi ya wanafunzi, ilikuwa dola 5,960 kwa kila mtoto. Katika Alamo Heights, wilaya ya matajiri ndani ya jimbo hilo hilo la San Antonio, ilikuwa zaidi ya dola 49,000. Watu wa Edgewood walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za mali, kiwango cha juu kuliko cha wilaya nyingine yoyote mjini hapo. Wale wa Alamo Heights walijitoza senti 85. Baada ya kujumlisha msaada wa serikali zote, mtoto wa Edgewood alitumiwa dola 356 kwa mwaka na mtoto wa Alamo Heights dola 594. Yaani aliyejinyima zaidi ndiye aliyepata kidogo. Huko California ilikuwa hivyo hivyo: kesi ya Serrano ya mwaka 1971 ilionyesha kwamba Baldwin Park walijitoza zaidi ya mara mbili ya kiwango cha Beverly Hills, na bado walitumia dola 577 kwa mtoto dhidi ya dola 1,232 za wenzao.

Mahakama ya chini iliwapa Rodriguez na wenzake ushindi. Serikali ya Texas ikakata rufaa, na tarehe 21 Machi 1973 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu. Majaji watano waliikubali rufaa, wanne waliikataa. Jaji Lewis Powell, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa halmashauri ya shule katika mji wa Richmond, aliandika kwa niaba ya wengi kwamba elimu si haki iliyotajwa katika katiba ya shirikisho, na kwamba usimamizi wa shule na wananchi wa mahali ni jambo la thamani. Jaji Thurgood Marshall aliandika maoni ya kupinga hukumu hiyo. Alikuwa jaji wa kwanza mweusi katika mahakama hiyo, na ndiye aliyekuwa wakili katika kesi ya Brown. Pengine vijana hawajui kwamba Marshall huyu alikwenda London mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, kuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba. Alihoji usimamizi huo wa mahali una faida gani kwa watu ambao mahali pao hapana mali ya kutoza.

Mwaka mmoja baadaye likaja shauri la Detroit. Wazazi weusi wakisaidiwa na chama cha NAACP walikuwa wamethibitisha kwamba shule za jiji zilitengwa kwa makusudi. Jaji Stephen Roth aliona kwamba kuchanganya watoto ndani ya jiji peke yake ni kazi bure, maana Wazungu walikuwa wakihamia vitongojini. Akaamuru mwaka 1972 kwamba mpango uhusishe pia wilaya 53 za vitongoji. Tarehe 25 Julai 1974 Mahakama ya Juu iliufuta mpango huo, tena kwa kura tano dhidi ya nne. Ilisema kwamba vitongoji havikuthibitika kuwa na kosa, hivyo visibebeshwe adhabu ya jiji.

Nikisoma hukumu hizi mbili pamoja, naona kwamba ndizo zilizopanga bei za nyumba za leo. Ya kwanza iliruhusu fedha zikae ndani ya mpaka, na ya pili ikaruhusu watoto wakae ndani ya mpaka. Baada ya hapo mzazi mwenye uwezo alikuwa na sababu mbili za kununua upande ulio bora, na mwenye nyumba wa upande huo alikuwa na sababu ya kuulinda mpaka kwa nguvu zake zote, kwa kuwa sehemu ya bei ya nyumba yake ni mpaka wenyewe. Kura moja katika kila hukumu! Mahali ambapo mpaka ulikuwa mpana mambo yalikwenda vingine. Charlotte, North Carolina, ina wilaya moja ya shule inayofunika jiji na vitongoji vyake, na baada ya hukumu ya mwaka 1971 watoto wake walichanganywa kwa mabasi kwa miaka mingi, kwa sababu mtu akihama kitongoji hakuwa amehama wilaya. Hawaii wao wana wilaya moja tu kwa visiwa vyote.

Hapa panafaa kujitazama wenyewe kidogo. Dar es Salaam nayo ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Tanganyika ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila moja kwa fungu lake. Mfumo huo wa shule ulifutwa kwa sheria moja iliyoanza kutumika Januari 1962, wala hapakuhitajika kuandama mpaka baada ya mpaka mahakamani, kwa kuwa fungu lilishikwa na serikali kuu. Hata leo mshahara wa mwalimu wa Masaki na wa Mbagala unatoka Hazina, na kodi ya majengo tunayokatwa kwenye LUKU tangu mwaka 2021 haimlipi mwalimu wa kata yetu. Sisemi kwamba kwetu hakuna matabaka. Tangu mpango wa MMES ulipoanza mwaka 2004 na shule za kata zikaenea, watoto wengi husoma karibu na nyumbani, na mtumishi wa umma anayehamishwa kituo huuliza habari za shule kabla ya kuuliza kodi ya nyumba. Mwenye fedha hununua nafasi kwa ada katika shule ya binafsi. Ila ada inaonekana kwenye risiti. Bei ya nyumba ya Marekani inaificha ada hiyo ndani ya matofali, na huyo mnunuzi ataipata tena siku atakapouza.

Kwamba imefichwa, si dhana tu. Mwaka 1999 mchumi Sandra Black alichapisha utafiti wa nyumba zilizo pande mbili za mipaka ya shule katika vitongoji vya Massachusetts. Majirani walikuwa wale wale, barabara zile zile, lakini pale ambapo alama za mtihani za shule zilizidi kwa asilimia 5, wazazi walikuwa tayari kulipa kiasi cha asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba. Na asiyeweza kulipa akajaribu kupenya? Mwaka 2011 mama mmoja wa Akron, Ohio, alikaa jela siku 9 kwa kuandikisha binti zake katika wilaya ya jirani kwa kutumia anwani ya babu yao. Gavana alimpunguzia makosa baada ya nchi nzima kupiga kelele.

Levittown yenyewe nayo haikusalimika. Mji ule ulijengwa nyumba tupu, bila viwanda na bila maduka makubwa ya kubeba mzigo wa kodi, na watoto walikuwa wengi. Katika miaka ya 1970 wilaya yake ya shule iliongoza wilaya nyingine zenye mali haba kuishtaki serikali ya New York, kwa hoja zinazofanana na zile za Edgewood. Mwaka 1982 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliwakatalia. Watu waliokimbilia ndani ya mpaka walikuta juu yao kuna mpaka mwingine.

Edgewood hawakukata tamaa. Waliacha katiba ya shirikisho, wakaishika katiba ya Texas, na mwaka 1989 mahakama ya juu ya jimbo ikaamua kwa sauti moja kwamba utaratibu wa fedha za shule ulikuwa batili. Baada ya mivutano bungeni ilipatikana sheria ya mwaka 1993 inayozitaka wilaya tajiri kutoa sehemu ya kodi yao kwa ajili ya nyingine. Wamarekani waliipachika jina la Robin Hood. Majimbo mengi yamefanya marekebisho ya namna hiyo, na siku hizi fungu la mahali ni karibu asilimia 45 ya fedha za shule nchini kote. Demetrio Rodriguez alifariki mwaka 2013, miaka 40 baada ya kushindwa kwa kura moja. Edgewood na Alamo Heights zingali wilaya mbili.